Neno la Shahidi na Kalamu ya Hakimu

Wengi hudhani kwamba mawasiliano ni jambo jepesi: mmoja hunena, mwenziwe husikia, na maana imekwisha kufika. Historia ya lugha katika mahakama zetu yaonyesha vingine.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliondoa utengano wa kikoloni uliowawekea Waafrika mahakama zao za kienyeji, ikaweka ngazi moja ianzayo na Mahakama ya Mwanzo. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya shauri. Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Mwaka huohuo Sheria Na. 27 ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hata hivyo, kumbukumbu za mahakama za juu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa zaidi ya nusu karne.

Hivyo mkazi wa Magomeni au Mbagala alitoa ushahidi kwa Kiswahili, na hakimu, aliyekielewa vyema, akauandika papo hapo kwa Kiingereza. Rufani ilipokatwa, majaji hawakusoma maneno ya shahidi, bali tafsiri ya hakimu.

Tutazame mifano miwili. Neno “alimpiga” halitaji jinsia. Kiingereza hudai ijulikane kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Hakimu hakuwa na budi kuuliza au kukisia. Tena, “usiku wa Jumatatu”, kwa mzee wa Pwani ahesabuye siku tangu kuchwa kwa jua, ni usiku wa kuamkia Jumatatu; mwingine huuita usiku wa Jumapili. Kwa mshtakiwa anayedai kwamba hakuwapo mahali pa tukio, tofauti hiyo yaweza kuwa kifungo au uhuru.

Mwaka 2021, Sheria Na. 1 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi inapobidi. Je, tatizo limekwisha? La. Limehama tu, kutoka baina ya lugha mbili likaingia ndani ya lugha moja.

Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke hushughulikia mirathi na ndoa. Wanaofika hapo wametoka pande nyingi za nchi. Mluguru, ambaye kwa mila ukoo wake hufuata upande wa mama, na Mchaga, ambaye wake hufuata upande wa baba, wote hutamka “ukoo” na “ndugu”, lakini hawamaanishi watu walewale. Aidha, “msimamizi wa mirathi” kisheria ni mwenye dhamana ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Lakini wako wanaolisikia jina hilo wakadhani kwamba aliyeteuliwa amekabidhiwa mali iwe yake. Mjane aaminiye hivyo aweza kuhama nyumba ambayo ana haki nayo.

Basi yafaa wafasiri, walimu na watumishi wa umma wakumbuke kwamba kuunda istilahi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuieleza kwa maneno ya kawaida, kisha kumwomba msikilizaji aseme alivyoielewa, kabla hajatia sahihi au dole gumba.