Nyaya Zilizopita Kwetu: Historia ya Swichi ya Mtandao Pwani

Msafiri atokaye Malindi asubuhi kwa matatu huwasili Kilifi kabla ya adhuhuri, wala hakuna alionaye hilo kuwa ajabu, kwani baina ya miji hiyo miwili hamna zaidi ya kilomita sitini. Lakini barua pepe iliyotumwa Malindi mwaka 1999 kwa mtu wa Kilifi, maadamu mwandishi na mwandikiwa walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti, ilipandishwa angani kwa setilaiti, ikashushwa Ulaya au Marekani, ikakabidhiwa huko na kampuni hii kwa ile, kisha ikarejeshwa Kenya kwa njia iyo hiyo ya mbinguni. Safari yote, kwenda na kurudi, ililipiwa fedha za kigeni.

Si kwamba pwani hii ilikuwa ngeni kwa nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilivuta waya wa telegrafu kutoka Mombasa, ukapita Malindi hata Lamu. Na baadaye, Wataliano wa Profesa Luigi Broglio walipojenga majukwaa ya San Marco na Santa Rita baharini mbele ya Ngomeni, amri za kurusha roketi zilitoka jukwaa hili zikafika lile kwa nyaya zilizolazwa majini, na hivyo ndivyo ilivyorushwa, tarehe 12 Desemba 1970, Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Fahari ilikuwapo, na jina la setilaiti lilitukumbuka; walakini waya wa kampuni ulihudumia kampuni, na wa roketi ukahudumia roketi. Zilipita kwetu, hazikukutana kwetu.

Chombo cha kuzikutanisha kilizaliwa mbali. Itifaki ya Etheneti, aliyoibuni Robert Metcalfe huko Xerox mwaka 1973, ilizifunga kompyuta zote katika waya mmoja, kila moja ikasikia maneno ya zote, hata wingi wa wasemaji ukawa fujo. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana, ya California, ilitoa swichi ya milango saba, ambayo, mfano wa karani wa forodha asomaye anwani juu ya kila mzigo, hupeleka pakiti kwenye mlango wake tu na kuinyamazia milango mingine. Swichi ya namna hiyo ikiachwa bila msimamizi hufanya kazi yake kwa wema na ujinga. Ile isimamiwayo, ambayo ndiyo ipasayo vituo vya data, ina akili zilizoongezwa moja baada ya moja, aghalabu kwa sababu ya msiba fulani. Mhandisi mwenye hadhari huweka njia mbili baina ya swichi na swichi, ili moja ikikatika ya pili ishike. Ila njia mbili huzaa mzunguko, na pakiti huzunguka humo bila kikomo mpaka mtandao ukasongwa. Dawa ya hilo iliitangulia swichi yenyewe: Radia Perlman, wa kampuni ya Digital, alibuni mwaka 1985 kanuni ya kuilaza njia moja hadi itakapohitajika. Itifaki ya SNMP, ya mwaka 1988, ilimwezesha msimamizi kuihoji swichi iliyo mji mwingine hali yake, na kiwango cha 802.1Q, cha mwaka 1998, kikaruhusu swichi moja igawanywe iwe kama nyingi, wateja wakae chuma kimoja bila kuonana.

Wenye kampuni za intaneti wa Kenya, chini ya chama chao cha TESPOK, walifungua Nairobi mwezi wa Novemba 2000 kituo cha KIXP, ambacho kiini chake ni swichi, ili wabadilishane data humu humu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ilishtaki. Na tume ya mawasiliano, baada ya majuma mawili tu, ikaamuru kifungwe. Mtu akitafakari atastaajabu kwamba chombo kisichopeleka neno hata moja ng'ambo kilihukumiwa kwa kuingilia biashara ya ng'ambo. Leseni ilipatikana baada ya hoja nyingi, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba ucheleweshaji wa milisekunde 200 hadi 600 ulishuka hadi baina ya 2 na 10. Na kufikia 2020 sehemu ya data iliyopatikana humu nchini, badala ya ng'ambo, ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi takriban 70.

Kati ya hapo zilifika Mombasa, mwaka 2009, kebo za baharini za SEACOM na TEAMS, hii ya pili kutoka Fujairah ya Falme za Kiarabu, zikafuatwa na nyingine, na vituo vya data vikajengwa karibu nazo, nyaya zikakutania humo. Kilifi, yenye watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust tangu 1989 na Chuo Kikuu cha Pwani, huzalisha data si haba, na mimi sioni kwa nini makutano yaishie Mombasa. Swichi yenyewe ni chuma cha kimo cha sentimita nne na nusu. Yaliyo mazito ni umeme usiokatika, hewa baridi iliyochujwa chumvi ya bahari, na kampuni tatu nne, mahasimu sokoni, zitakazoridhia kuweka nyaya zao chumba kimoja na kumkubali msimamizi asiye wa yeyote kati yao.