Habari za Siku Darasani

Katika Marekani habari za siku zimekuwa chombo cha kufundishia kwa zaidi ya miaka mia moja, kwanza kwa karatasi, kisha kwa televisheni, na sasa kwa intaneti. Atazamaye safari hiyo ataona ya kwamba kila chombo kipya kiliondoa shida moja na kuzaa nyingine.

Mwaka wa 1902 mwandishi wa habari, Charles Palmer Davis, alianzisha katika jimbo la Massachusetts gazeti dogo la wanafunzi lililoitwa Current Events. Mwaka wa 1928 lilifuatwa na ndugu yake, My Weekly Reader, lililokusudiwa watoto wadogo. Shida ya siku zile ilikuwa uhaba. Mambo ya ulimwengu yalikuwa mbali na mtoto, na vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kuchakaa kabla hajavifungua. Mhariri alichagua habari, akaifupisha na kuilainisha. Mwanafunzi aliisoma na kujibu maswali. Aliyechapa aliaminiwa, na imani hiyo haikuhojiwa sana.

Baadaye ilikuja televisheni. Mwaka wa 1990 kampuni ya Chris Whittle ilianza kupeleka shuleni kipindi cha Channel One. Kilichukua dakika 12 kila siku ya masomo, na dakika 2 katika hizo zilikuwa za matangazo ya biashara. Shule zilipewa vyombo bila malipo, nazo zikaahidi kuwaonyesha wanafunzi kipindi hicho. Wazazi na walimu wengi walilalamika ya kwamba watoto wanauzwa kwa wafanya biashara; wengine walijibu ya kwamba shule maskini isingepata televisheni kwa njia nyingine. Mabishano hayo yalifunua jambo lililokuwa limefichika katika karatasi, nalo ni kwamba kila habari iingiayo darasani ina mwenye kuigharimia. Kipindi hicho kilikoma mwaka wa 2018.

Intaneti iliugeuza uhaba kuwa mafuriko. Mwaka wa 1998 gazeti la New York Times lilifungua The Learning Network, mahali ambapo mwalimu hupata masomo yaliyotungwa kwa habari za gazeti hilo. Mwaka wa 2013 ilianza Newsela, ambayo huitoa habari moja kwa viwango mbalimbali vya ugumu, hata msomaji dhaifu na msomaji hodari wakaweza kuzungumza jambo moja katika darasa moja. Faida hizi si ndogo. Lakini mtoto yule yule, atokapo katika somo lililochujwa, hukutana na habari zisizochujwa na mtu yeyote.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliupima uwezo wa kuchuja. Katika uchunguzi walioutoa mwaka wa 2017 waliwapa tovuti za kuhukumu wanahistoria 10, wakaguzi wa ukweli wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakivutwa na sura yake nzuri. Wakaguzi waliuacha upesi, wakaenda kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye ukurasa. Hata wenye shahada kubwa katika kusoma hati za kale walidanganyika. Mwaka wa 2019 kundi la Stanford lilitoa matokeo ya wanafunzi 3,446 wa shule za sekondari. Walionyeshwa picha za sinema zilizodaiwa kuwa ushahidi wa udanganyifu katika uchaguzi wa Marekani. Zaidi ya nusu waliukubali. Picha hizo zilikuwa zimepigwa Urusi, na wanafunzi 3 tu ndio waliogundua asili yake.

Basi haitoshi mwalimu wa leo kuleta habari darasani, kwa maana habari zimekwisha kufika kabla yake. Kazi iliyobaki ni kumzoeza mwanafunzi kuuliza: nani asemaye, nani amlipaye, na wengine wanamshuhudiaje? Maswali hayo yalifaa mwaka wa 1902 pia. Tofauti ni kwamba wakati ule mhariri aliweza kuuliza kwa niaba ya mtoto, na sasa mtoto hana budi kuuliza mwenyewe.