Mpaka wa Chumba: Historia ya Kupima Eneo la Nyumba, kutoka Dhiraa ya Pwani hadi Kompyuta ya Bunia

1. Utangulizi

Tangu programu za kuchora majengo zilipoenea, imekuwa desturi kuamini kwamba suala la eneo la chumba limekwisha. Mchoraji huchora kuta nne, kompyuta hutoa jawabu lenye tarakimu mbili au tatu baada ya nukta, na jawabu hilo hupokewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu wa kupima chumba haujapata kuwa katika kuzidisha urefu kwa upana. Ugumu umo katika kuamua chumba kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Historia ya vipimo miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, kutoka pwani hadi Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri, inalithibitisha jambo hilo.

2. Dhiraa na boriti

Katika miji ya pwani, kipimo cha kwanza cha fundi kilikuwa mwili wake. Wanda ni upana wa kidole. Shubiri ni mnyoosho wa kiganja kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Dhiraa, au mkono, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Na pima ni mikono minne. Dhiraa hukaribia sentimita 46, lakini mikono ya watu hailingani, kwa hiyo kipimo kilihitaji mashahidi kama mkataba wowote.

Hata hivyo, upana wa chumba haukutegemea mkono peke yake. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo hazikuweza kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba urefu wa boriti si upana wa chumba. Ncha zake mbili hulala juu ya kuta, na sehemu hiyo humezwa na ukuta. Fundi aliyeagiza korija ya boriti, yaani boriti 20, alilazimika kujua tofauti hiyo kabla ya kuanza kujenga. Kwa maneno mengine, alikwisha kutofautisha kipimo cha ndani na kipimo kinachoingia ukutani.

3. Mita yafika Ituri

Kiswahili kiliingia Ituri katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waungwana waliotoka Maniema. Mwaka 1887 msafara wa Stanley uliwakuta watu wa Kilonga-Longa wakiwa wamepiga kambi Ipoto, ndani ya msitu. Katika vituo vyao vikubwa, kama vile Nyangwe na Kasongo, Waungwana walijenga nyumba za mstatili kwa miti na udongo. Umbo la mstatili ndilo linalowezesha eneo kupatikana kwa kuzidisha pande mbili tu.

Mita ililetwa na utawala wa kikoloni na migodi. Dhahabu ilipatikana Kilo mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Pamoja na ofisi na migodi ukaja usajili wa ardhi, ambao hesabu zake ziliandikwa kwa hekta, ari na sentiari. Sentiari moja ni mita moja ya mraba. Baada ya uhuru, amri-sheria ya tarehe 10 Februari 1969 iliweka kodi juu ya eneo la mali zisizohamishika, zilizojengwa na zisizojengwa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatamka kwamba ardhi ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kuitumia tu. Tangu hapo mita ya mraba ikawa lugha ya kodi na ya hati. Uzito wa lugha hiyo ulidhihirika kwa uchungu mwaka 1999, pale mabishano kuhusu mipaka ya mashamba makubwa katika eneo la Djugu yalipochangia kuwasha vita vya Ituri.

4. Kompyuta na mistari mitatu

Programu ya AutoCAD ilitolewa mwaka 1982, na Revit ikafuata mwaka 2000. Katika AutoCAD, mtumiaji huonyesha pembe za chumba moja baada ya nyingine, au huchagua mstari uliofungwa, ndipo hupewa eneo. Kwa hiyo mpaka huchaguliwa na mkono wa mchoraji. Revit huutafuta mpaka yenyewe kwa kufuata kuta zinazokizunguka chumba. Iwapo pana mwanya, hutoa onyo kwamba chumba hakikufungwa. Aidha, humtaka mtumiaji aamue eneo lipimwe hadi wapi: hadi uso wa lipu, hadi katikati ya ukuta, hadi uso wa kiini cha ukuta, au hadi katikati ya kiini hicho. Asiyeamua huamuliwa na programu.

Uzito wa uamuzi huo waonekana katika mfano huu. Chumba chenye mita 3 kwa mita 3 ndani, chenye kuta za matofali za unene wa sentimita 20, kina eneo la mita za mraba 9. Kikipimwa hadi katikati ya kuta, ni 10.24. Kikipimwa hadi nje, ni 11.56, yaani ziada ya asilimia 28. Kompyuta haikukosea hata mara moja. Kila jawabu ni sahihi kwa mpaka wake.

Tofauti hiyo ilinganishwe na kosa ambalo mafundi huliogopa zaidi, yaani chumba kilichopinda. Kwa kanuni ya tatu-nne-tano, chumba cha mita 3 kwa 4 chenye pembe mraba huwa na ulalo wa mita 5 na eneo la mita za mraba 12. Ulalo ukipungua hadi mita 4.7, pande zikibaki zilezile, eneo huwa takriban 11.91. Upungufu haufiki hata asilimia moja. Ukuta uliopinda huonekana kwa macho lakini hupunguza eneo kidogo. Mpaka usiotajwa hauonekani, nao hubadilisha eneo sana.

5. Mita tatu na nusu

Mjini Bunia hesabu hii imekuwa suala la maisha ya watu. Mwezi Mei 2003 maelfu ya wakazi walikimbilia kandokando ya uwanja wa ndege na makao ya Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwaka 2018, wakimbizi wa ndani kutoka Djugu walipokewa mjini, kwanza karibu na Hospitali Kuu, kisha katika eneo la Kigonze. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika ya misaada, unataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu mahali pa kupikia na pa kuogea.

Chumba kilichotajwa juu, kikipimwa ndani, chatosha watu wawili. Kikipimwa nje, karatasi itasema kinatosha watatu. Mtu wa tatu atakuwa amelazwa ndani ya matofali. Katika kibanda cha turubai, ukuta hauna unene wa kutajika, na mistari yote huwa mmoja. Lakini hapo paa lililoinama huleta mpaka mwingine, kwa kuwa sehemu ya sakafu iko chini ya paa lisilomruhusu mtu kusimama. Programu nazo huuliza eneo likatwe katika kimo gani.

6. Hitimisho

Mataifa yamejaribu kuafikiana: kiwango cha ISO 9836 kuhusu maeneo ya majengo kilitolewa mwaka 1992 na kimerekebishwa tangu hapo. Kiswahili nacho chahitaji istilahi zinazotofautisha eneo la ndani, eneo la katikati ya ukuta na eneo la nje, badala ya neno moja “eneo” kubebeshwa yote matatu. Fundi wa boriti alijua ni sehemu ipi ya mti iliyomezwa na ukuta. Mchoro wa kompyuta usiotaja mpaka wake umepoteza ujuzi huo, hata kama umeandika tarakimu tatu baada ya nukta.