Masharti ya Kuingia Nchini na Ushauri wa Afya kwa Wageni Waendao Kiegei

Wananchi wa Kiegei, mkoani Lindi, wanaotarajia wageni kutoka nje ya nchi wanashauriwa kuwafahamisha mapema masharti ya kuingia Tanzania.

Mgeni anatakiwa kuwa na pasipoti itakayodumu angalau miezi 6, pamoja na viza, isipokuwa kwa raia wa nchi zilizosamehewa. Maombi ya viza hupokelewa na Idara ya Uhamiaji kwa njia ya mtandao.

Anayetoka nchi yenye homa ya manjano huonesha cheti cha chanjo. Cheti hicho hutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo chanjo isisubiri siku ya safari. Mgeni wa kigeni atakayeendelea hadi Zanzibar hulazimika kukata bima ya safari, utaratibu ulioanza tarehe 1 Oktoba, 2024.

Aidha, malaria ipo mkoani Lindi. Ndugu aliyeishi ughaibuni miaka mingi hupoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Walale ndani ya chandarua chenye dawa. Apatapo homa mmoja wao, awahishwe kituo cha kutolea huduma za afya ndani ya saa 24 ili apimwe kabla ya kupewa dawa.