Pesa za wageni katika vyuo vikuu vyetu: tukumbuke 1971

Kuna swali ambalo linarudi kila mara tukikutana: kwa nini Leta haiweke sheria ya kukataza pesa za wageni katika vyuo vikuu? Eti anayelipa njo anaamuru. Swali si baya. Lakini inchi hii imekwisha kujaribu kitu cha karibu na hicho, na sisi wa Kivu tulikilipa.

Mbele ya 1971 Kongo ilikuwa na vyuo vikuu vitatu. Lovanium ya Kinshasa ilizaliwa 1954 kwa mkono wa Wakatoliki wa Louvain, Ubelgiji. Cha Lubumbashi kilikuwa cha serikali, tangu 1956. Cha Kisangani kilikuwa cha Waprotestanti, tangu 1963. Lovanium njo ilikuwa imebarikiwa zaidi: pesa za Wabelgiji, pesa za Ford na Rockefeller, na mwaka wa 1959 hata mtambo wa nyuklia kutoka Marekani, wa kwanza katika Afrika yote. (Sisi huku mpaka leo tunahangaika na umeme wa kuchaji simu.)

Tarehe 4 Juni 1969 askari walipiga wanafunzi risasi pale Kinshasa. Miaka miwili baadaye wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu wao, Mobutu aliwaingiza jeshini. Mwezi wa 8 mwaka ule wa 1971 vyuo vyote vitatu vikafanywa kimoja, UNAZA.

Wengi wanasema ile ilikuwa kufukuza mkono wa mgeni. Mimi sikubali. Katika miaka ya 1970 Rockefeller iliendelea kusaidia, safari hii UNAZA yenyewe. Mgeni hakukatazwa kutoa. Kilichobadilika ni mlango: zawadi iliyopitia kwa rekta na maaskofu sasa ilipitia kwa Leta, na Leta ilikuwa mtu mmoja. Na kijana wa Butembo? Akitaka kuwa daktari, Kinshasa. Akitaka historia, Lubumbashi. Akitaka saikolojia, Kisangani. Kama mzazi hana tiketi, basi, arudi shambani.

UNAZA ikavunjwa 1981. Pesa za Leta zilizidi kukauka, na kufika 1989 mlango ukafunguliwa kwa vyuo vya binafsi. Hapo njo Askofu Emmanuel Kataliko, aliyechunga jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Université Catholique du Graben. Wafanyabiashara wa Butembo walichanga, waamini walichanga. Tunajivunia hiyo, na tuko na haki. Ila tusidanganyane: vitabu vingi nilivyosoma mimi katika bibliotheki za Butembo vilikuwa na mihuri ya Ubelgiji. Na kule Beni, ile Université Chrétienne Bilingue du Congo iliyoanza 2007 imesimama pamoja na marafiki wake wa Marekani.

Sasa weka sheria ya kukataza. Nani atalipa? Mzazi wa Beni ambaye tangu mauaji ya 2014 anaogopa kufika kwenye shamba lake la kakao?

Tazameni jirani. Mwaka 2009 Ethiopia ilisema shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya pesa zake kutoka nje lisiguse mambo ya haki za binadamu. Mashirika ya haki yakanyauka, na 2019 sheria ile ikafutwa. Marekani, tangu 1986, sheria yao inataka chuo kikuu kitangaze zawadi ya mgeni ikifika dola 250,000. Haikatazi, inataka ijulikane. Ya namna hiyo mimi ningeiunga mkono hata kesho, bora iguse na zawadi za wanasiasa wetu wenyewe, maana hizo nazo zina kamba.

Nasema hivi na mimi mwenyewe nikiwa ndani. Mwaka wangu wa pili baba alikosa minervali. Nilipewa burse, wakaniambia imetoka kwa wafadhili wa ngambo. Nikatia sahihi, nikaingia kwenye mtihani. Sikuuliza ni wafadhili gani, na hakuna aliyeniambia.