Mtaala na Majira ya Mto: Funzo la Rufiji

Historia ya mitaala nchini Tanzania aghalabu huandikwa kwa kufuata matamko ya serikali. Kwa upande wa Rufiji, historia hiyo haina budi kuandikwa pia kwa kufuata mto.

Kwa vizazi vingi Warufiji waliupanga mwaka wao kwa maji. Mpunga ulipandwa kabla ya mafuriko, ukakua pamoja nayo; maji yalipopungua, udongo wenye unyevu ulipandwa mahindi na mazao mengine katika kilimo kiitwacho mlau. Wakati huo familia zilihamia mashambani na kukaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Watoto nao walijifunza humo. Mafunzo hayo yalikuwa na hatua na vipimo vyake, ingawa hayakuandikwa.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulitaka elimu ya msingi ijitosheleze kwa wale wengi wasioendelea na masomo, shamba liwe sehemu ya mafunzo, na mtihani upunguziwe uzito. Kwa mantiki hiyo, bonde la Rufiji lingaliweza kuwa darasa. Hata hivyo, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima kutoka bondeni hadi vijiji vipya vya nyanda za juu. Huduma, shule ikiwa mojawapo, zilikusudiwa ziwe karibu. Mashamba yakawa mbali. Hatari ya maji ilikuwa ya kweli, lakini sera mbili za dola moja zilikinzana: moja iliiunganisha shule na shamba, nyingine ikavitenganisha.

Mwaka 1975 iliundwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo mwaka 1993 ikawa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala mmoja wa taifa una haki ndani yake: mtoto wa Nyamisati hupimwa kwa kipimo kilekile cha mtoto wa Dar es Salaam. Lakini mtaala hushuka kwa ngazi: muhtasari hutoka taifani, ilhali azimio la kazi na andalio la somo huandikwa na mwalimu. Ni katika azimio hilo ndipo mada hupangiwa majuma yake, na ndipo majira ya mahali yanapoweza kuzingatiwa bila kushusha kipimo. Mtaala wa mwaka 2005, uliosisitiza umahiri, uliipa hoja hii nguvu zaidi, kwani umahiri hupimwa kwa kutenda.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutekelezwa. Aprili mwaka huohuo mafuriko yaliwahamisha watu Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na kukatiza masomo. Masika si jambo la ghafla katika bonde hili. Azimio la kazi lisiloyatarajia humwacha nyuma mtoto wa Rufiji, kisha mtihani humhesabia pengo hilo kuwa upungufu wake mwenyewe.