Bahari Ilileta, Bara Ikalipa: Hesabu ya Historia ya Kilwa Yetu



Kila mwaka kamati hunipa kurasa za mapato na matumizi. Mwaka huu nimeomba nafasi zaidi, kwa sababu ya swali lililoulizwa mara kadhaa katika vikao vyetu vya Dar es Salaam. Kwa nini bweni la wasichana tunalolichangia lijengwe upande wa bara wa wilaya yetu, wakati wachangiaji wengi asili yao ni Kisiwani, Kivinje na Masoko? Swali ni la haki. Jibu lake sikulikuta kwenye makadirio ya ujenzi. Nimelikuta kwenye historia yetu wenyewe.

Tuanze na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kuanzia Aprili huingia kusi, ikavirudisha makwao. Nahodha aliyetoka huko aliweza kufika Kilwa, akauza, akanunua na kurejea kwa msimu mmoja. Akitaka kwenda kusini zaidi, mpaka Sofala kwenye dhahabu, hesabu ya siku ilimkatalia; ilimpasa kungoja msimu mwingine. Basi dhahabu ilipandishwa hadi Kilwa, ikamngojea hapa. Ukiongeza na ile bandari yetu yenye kina, iliyokingwa na mawimbi kati ya Kisiwani na Masoko, unaelewa kwa nini mji mkubwa ulisimama pale. Tulikuwa mahali tanga la mgeni linapoishia.

Faida ya mahali hapo ilionekana. Msikiti Mkuu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupanuliwa kwa makuba. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100, lenye birika la kuogea la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona, na akamsifu sultani huyo kwa ukarimu. Kilwa ilifua sarafu zake za shaba. Moja yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mimi mtu wa hesabu, habari hizo za sarafu hunifurahisha kuliko habari za majumba.

Hata lugha ya kazi yangu ina chumvi ya bahari. Hesabu, faida, hasara, rasilimali na deni ni maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu. Pesa na hundi yametoka Bara Hindi. Lakini angalieni: kuuza, kununua, kukopa na kulipa ni maneno ya Kibantu, yetu ya asili. Wageni walitukuta sokoni. Hatukungoja kufundishwa biashara.

Hapo ndipo wengi wetu huishia tunaposimulia Kilwa. Ni upande mmoja wa daftari, na hesabu yenye upande mmoja haikubaliki kwa mkaguzi yeyote.

Sote tumesimuliwa jinsi Ali bin Hassan wa Shirazi alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kuweza kukizunguka chote. Mtawala wa awali akachukua nguo zake, akavuka kwenda bara. Alipotaka kurudi akakuta maji yamejaa mahali alipozoea kupita kwa miguu bamvua lilipotoka. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick katika miaka ya 1960, walionyesha kwamba Kisiwani palikaliwa na wavuvi na wafinyanzi karne nyingi kabla ya majumba ya mawe. Sitaki kubishana na hadithi ya wazee. Nataka tu tumwangalie yule aliyebaki ng'ambo na nguo zake mkononi. Bara ndiko alikobaki, na tangu siku hiyo hatumsimulii tena.

Tuulize: ni bidhaa gani ya Kilwa ilichimbwa au kuwindwa Kisiwani? Dhahabu ilitoka uwanda wa Zimbabwe. Pembe za ndovu zilitoka bara. Ibn Battuta huyohuyo aliyetusifu aliandika pia kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kurudi na mateka. Utajiri ulipita mikononi mwetu kwa sababu tulishika mlango. Ndiyo maana Wareno walipoupora mji mwaka 1505, na mwaka huohuo wakajiweka Sofala penyewe, Kilwa ilidhoofika upesi. Mwenye kuishi kwa mlango hana cha kushika mlango ukihamishwa.

Ilipokosa dhahabu, Kilwa iligeukia watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja. Nimewahi kupitisha mikono yangu kwenye mikataba mingi, lakini huo sijauzoea. Karne iliyofuata Kivinje ikawa bandari kuu ya biashara hiyo katika pwani ya kusini. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ikipita katika nchi ambazo baadhi yetu leo ni kwao. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alilazimika kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara yao ya nchi kavu. Biashara ikafa polepole. Maneno yake hayajafa. Wakati wa posa bado wapo wanaonong'ona kuhusu asili ya fulani, kana kwamba kuuzwa ni aibu ya aliyeuzwa.

Kisha wakaja Wajerumani na pamba ya kulazimishwa, iliyolimwa bara ili ishuke bandarini. Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, wakaing'oa. Vita vya Majimaji vilianzia kwenye mashamba hayo, ndani ya wilaya yetu, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi mno. Kwa mara nyingine bara ililipa.

Simwandikii mtu hatia. Damu zetu zimechanganyika: katika ukoo mmoja utamkuta nahodha, mwenye msafara, na bibi aliyeletwa Kivinje akiwa mtoto, jina la kwao likiwa limesahauliwa. Walioshika mlango na waliopitishwa mlangoni wote ni wazazi wetu. Kwa hiyo deni hili si la Waswahili kwa Wamatumbi, Wangindo au Wayao. Ni deni la nyumba moja, chumba cha mbele kwa chumba cha nyuma.

Sasa turudi kwenye bweni. Binti wa Kipatimu, Njinjo au Nanjilinji akipanga chumba cha mtaani ili asome sekondari, wazazi wake wanajua wanachokihofia, nanyi mnakijua. Wa Masoko anarudi kwao jioni. Wajumbe waliochagua upande wa bara walipima umbali. Mimi nawaongezea kipimo kingine: kwa miaka 700 na zaidi mali ya bara imeshuka kwenda baharini, na kidogo sana kimepanda kurudi.

Husuni Kubwa ni magofu leo. Jahazi zimepungua. Kilichobaki na kinachotumika kila siku ni dini, lugha na elimu, yaani vitu ambavyo mlango ukihamishwa haviondoki. Mchango wako uwe wa namna hiyo.

Makadirio ya ujenzi na fomu ya ahadi vimo kurasa zinazofuata. Jaza kiasi unachoweza, na ukilipe. Matumizi yote tutayasoma mbele yenu katika mkutano mkuu, pande zote mbili za daftari.